Lodwar Hadi Loiyangalani: Ndege Huchukua Muda Gani?

Leo tutazungumza juu ya swali tunaloulizwa kila mara: kutoka Lodwar hadi Loiyangalani ni mwendo gani kwa ndege?

Tukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani, kutoka kiwanja hiki mpaka kile ni karibu kilomita 130. Katikati kuna Ziwa Turkana, na daraja hakuna. Gari ni lazima lizunguke. Kule kusini mwa ziwa kuna milima ya volkeno na bonde la Suguta, joto na mawe matupu, kwa hivyo gari huenda mpaka Kitale, likakata kuelekea Maralal, ndipo lipande tena kwa Baragoi na South Horr. Hizo ni siku mbili, na mvua ikinyesha ni zaidi.

Ndege ndogo ya injini moja hukimbia kama kilomita 220 kwa saa. Haya, gawanyeni wenyewe. Ni dakika 35 hivi angani. Lakini kuna upepo, na upepo wa Loiyangalani ninyi mnaujua kuliko sisi. Ndio huo unaozungusha ile mitambo 365 ya umeme iliyozinduliwa mwaka wa 2019. Hutoka kusini-mashariki. Ukivuma kilomita 40 kwa saa, ndege inayotoka Lodwar hupigana nao, mwendo ukabaki 180, yaani dakika 43. Ikirudi husukumwa, mwendo ni 260, dakika 30 tu.

Sasa, hapa ndipo tulipokosea siku moja. Kulikuwa na mama mgonjwa upande wa Loiyangalani, nasi tukawaambia jamaa zake, "Ni dakika 35 tu." Wakamleta kiwanjani asubuhi na mapema. Kumbe ndege haikuwa Lodwar! Ilikuwa Nairobi, karibu kilomita 450, mwendo wa saa mbili, tena ilikuwa na kazi nyingine kwanza. Mama alilala chini ya turubai mpaka saa tisa alasiri. Hospitali alifika, lakini yale mateso ya jua tulimletea sisi.

Kwa hivyo, mkipiga simu, msiulize umbali. Ulizeni, "Ndege iko wapi sasa hivi, na itaruka saa ngapi?" Halafu hesabuni kurudi nyuma. Jua linatua kama saa kumi na mbili na nusu, na kiwanja kisicho na taa hakitumiki usiku. Ndege ikitoka Nairobi saa tisa, itatua Loiyangalani saa kumi na moja. Kumpakia mgonjwa, dakika 45. Kuvuka hadi Lodwar, dakika 30. Mnaona jinsi nafasi ilivyo ndogo? Mkipiga simu saa kumi, rubani atawaambia kesho, na hana ubaya.

Mwambieni pia uzito wa mgonjwa na wa anayemsindikiza. Na kiwanja kikaguliwe kabla ndege haijafika: mawe, mashimo, na hasa mbuzi. Rubani akiona mbuzi hatui, atazunguka juu akimaliza mafuta. Tunaomba kila kikundi kituletee majina mawili ya watu wa zamu ya kiwanja kabla ya mkutano ujao.