Panya, sumu na mtoto wa jirani

(Muziki unashuka)

Hapa Bujumbura viboko hutoka ziwani Tanganyika usiku kutafuta majani, na wenye mashamba ya kando ya ziwa hulalamika. Nyinyi kambini adui yenu ni mdogo: panya anayetoboa mfuko wa unga wa mwezi mzima.

Je, ni vibaya kumuua? Mimi nasema hapana. Chakula cha watoto lazima kilindwe. Lakini kuua nako kuna adabu yake.

Sumu haichagui. Ile ya dukani mara nyingi haiui papo hapo. Panya hutangatanga siku kadhaa akivuja damu ndani ya mwili. Paka akimla, naye hudhurika.

Mwaka jana mimi mwenyewe niliweka sumu nyuma ya nyumba. Wakafa panya wawili, na paka wa mama jirani. Nilipokwenda kumwomba radhi, aliniuliza tu: "Na angekuwa mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu.

Basi, wekeni unga kwenye ndoo yenye mfuniko. Zibeni matundu. Tegeni mtego wa kubana, mbali na watoto, na mwukague kila asubuhi. Panya aliyenaswa akiwa hai asiachwe ateseke. Msimshike kwa mkono mtupu, mfukieni. Na bundi mwacheni. Si mchawi, ni mwindaji wa panya.

Linda chakula chako, lakini mtego wako usimdhuru usiyemkusudia.



(Muziki unapanda)