Mfadhili Huondoka, Jirani Hubaki

Mazungumzo ya redio juu ya amani: maji ya pamoja, kutoka vilima vya Masisi hadi mto Ruzizi

  

Mazungumzo yetu ya leo yahusu maji, na msaada unaotoka nje kwa ajili ya maji. Huenda mtu akauliza: tunaongea juu ya amani, maji yameingiaje? Tufuatane polepole.

Tuanze na vilima vyetu. Mvua ikinyesha Masisi, maji hushika njia mbili. Yale yanayoteremkia Sake huingia katika Ziwa Kivu. Pale Bukavu hutoka ziwani kwa mto Ruzizi, huteremka karibu mita 700 mpaka Ziwa Tanganyika, halafu hupita mto Lukuga na kuingia Lualaba. Yale yanayoteremkia magharibi hufuata mto Lowa, hupita Walikale, nayo pia huingia Lualaba. Hivyo maji yaliyoagana kilimani hukutana tena katika mto mmoja, mto Kongo. Njiani yameigusa Rwanda, yameigusa Burundi, na hayakumwuliza mtu kabila lake wala karatasi zake.

Mtu wa juu akifanya jambo, mtu wa chini huliona. Msitu ukikatwa kilimani, udongo huteremka na kuchafua ukingo wa ziwa. Chupa za plastiki zinazotupwa ziwani husafiri mpaka Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme, na umeme ukikatika, hospitali na mashine za kusaga hukaa gizani. Tena yule aliye chini naye ana nguvu juu yetu, kwa kuwa bwawa la Ruzizi la kwanza, lililoanza kazi mwaka 1958, ndilo linaloongoza maji yanayotoka ziwani.

Viongozi wa zamani walilifahamu jambo hilo. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iitwayo CEPGL. Mwaka 1983 nchi hizo tatu zikaanzisha kampuni moja ya umeme, SINELAC. Benki ya Dunia na watu wa Ulaya walitoa mikopo, na mwaka 1989 mtambo wa Ruzizi ya pili ukaanza kazi, wenye nguvu ya karibu megawati 44, ili umeme wake ugawanywe kati ya nchi tatu.

Sasa sikilizeni lililofuata. Mwaka 1994 yalikuja mauaji ya kimbari Rwanda, na ile Jumuiya ikasimama. Mwaka 1996 vita vikaingia kwetu, na mwaka 1998 vikarudi. Jumuiya haikufufuliwa mpaka mwaka 2007. Lakini SINELAC haikufa. Kwa nini? Kwa sababu kila upande ulihitaji taa. Fedha za nje zilijenga, lakini lililoilinda ni haja ya kila jirani.

Tuseme pia ubaya wake. Kampuni za umeme za nchi zilichelewa sana kulipa madeni yao, na mitambo ilikosa matengenezo yaliyofaa. Hapo mkopo wa mgeni haukuweza kusaidia. Mgeni hujenga nyumba, lakini kufagia ni kazi ya mwenyeji.

Tutazame mfano wa pili. Maji ya Rutshuru, jirani zetu, hayaendi Kongo. Huingia Ziwa Edward, hupita mto Semliki, na mwisho huwa Nile. Ndiyo sababu nchi yetu ilikuwamo mwaka 1999 nchi za Nile zilipoanza ushirikiano wao kule Dar es Salaam. Mwaka 2003 wafadhili waliweka mfuko mmoja chini ya Benki ya Dunia, na kwa miaka zaidi ya kumi mfuko huo ulipokea zaidi ya dola milioni 200. Ulisaidia wataalamu wa nchi zilizotiliana mashaka kupima maji pamoja na kusoma hesabu zile zile. Halafu ukafungwa, kwa maana kila mfuko una mwisho wake.

Sisi wenyewe tumeliona hilo kwa macho. Mwezi wa Januari 2025, wakati vita vilipofika Sake na Goma, Marekani nayo ilisimamisha misaada yake ya nje, na mwaka huo huo shirika lake la USAID likafungwa. Aliyezoea kuletewa maji kwa gari alijikuta na bidoni tupu. Wazee walisema: mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Je, tukatae msaada? Hapana. Mwenye kiu hakatai maji. Kwa Ziwa Kivu na Ruzizi ipo mamlaka ya nchi tatu iitwayo ABAKIR, na Umoja wa Ulaya na Ujerumani wameisaidia. Kazi hiyo ni njema. Lakini tuwaulize wafadhili, na tujiulize sisi, swali moja: siku fedha zitakapokwisha, ni nini kitakachobaki kati ya majirani?

Swali hilo laanzia kwetu, kwenye robine. Mara nyingi shirika huleta maji kwa ajili ya wahamishwa, na mwenyeji hupita na bidoni yake akitazama. Moyo wake huuma. Siku nyingine wahamishwa wanaambiwa: maji haya ni ya wenyeji, ninyi ngojeni. Hapo ndipo ugomvi wa wanawake wawili kwenye foleni huwa ugomvi wa makabila mawili. Tunatoa mashauri manne.

Kwanza, shirika likifika, mkuu wa kijiji asilipokee peke yake. Aite wenyeji, aite wahamishwa, aite wanawake, maana wao ndio wanaochota.

Pili, komite ya maji iwe na watu wa pande zote, na hesabu yake isomwe mbele ya watu wote kila mwezi. Fedha zisizosomwa huzaa uvumi, na uvumi huzaa panga.

Tatu, kila jamaa itoe kidogo kwa matengenezo. Asiye na franga atoe siku ya kazi: kuchimba mtaro, kupanda miti juu ya chemchemi. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, watu wa kilimani na watu wa ziwani wakutane. Wa juu asikate mti wa chemchemi, wa chini naye amsaidie kupata miche.

Ndugu zetu, mkataba wa nchi tatu hutiwa sahihi mbali na hapa, nasi hatuna kalamu yake. Lakini foleni ya maji iko mikononi mwetu. Watu wakijua kugawana bidoni kwa haki, watajua pia kugawana shamba siku ya kurudi nyumbani. Na wakubwa wakija kuuliza kama amani yawezekana hapa, tutawaonyesha daftari la maji lenye majina ya wote.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.