Chai ya Kichina na Homa ya Malaria

Juma lililopita nilipita Tandika, wilayani Temeke, nikamkuta kijana ametandaza pakiti za majani makavu na vitunda vyekundu mfano wa zabibu zilizosinyaa. "Karibu mzee, chai ya Kichina hiyo. Macho, mgongo, malaria, yote inamaliza."

Na vile vitunda sina ugomvi. Wachina huviloweka katika maji ya moto wakanywa kwa ajili ya macho, kama sisi na mchaichai wetu. (Ila anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande amwone daktari kwanza.) Ugomvi wangu ni na hilo neno malaria.

Majani yale, alisema, ni atimisia. Ni kweli dawa imo. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, tabibu Ge Hong wa China aliandika kwamba mwenye homa achukue konzi ya majani hayo, ayaloweke katika maji, ayakamue, anywe. Hakusema yachemshwe! Hapo ndipo Bibi Tu Youyou alipozinduka. Mwaka 1971 akaikamua dawa kwa itha, bila moto mkali, na mwaka 2015 akapata Tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto tunayopewa zahanati inatokana na jani hilo hilo, lakini imepimwa na kuchanganywa na nyingine.

Chai haipimwi. Dawa hiyo haiyeyuki vizuri majini, na jani moja halilingani na jingine. Ukinywa kidogo, vimelea vingine vinabaki hai, tena vinaweza kuizoea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kwa malaria.

Nami nilikwisha ijaribu. Siku mbili nilikunywa, chungu kama mwarobaini. Jasho likanitoka, homa ikashuka, nikajisifu mbele ya mke wangu. Siku ya tatu nilitetemeka hadi kitanda kikalia. Zahanati wakapima damu: vimelea tele. Mimi ni mtu mzima. Mtoto mdogo siku mbili hizo huenda asiwe nazo.

Basi nikamwuliza yule kijana, mtoto mwenye homa anapewa kiasi gani?

"Nusu kikombe, mzee."

"Na wa mwaka mmoja?"

Akafikiri. "Kijiko."

"Kijiko kipi, cha chai au cha chakula?"

Hakunijibu, mteja mwingine alikwisha fika, mama mwenye mtoto mgongoni.