Chaji Inapokatika Usiku

Fungueni daftari zenu, maana leo tutaandika kidogo.

Bajaji, pikipiki na magari ya umeme siku hizi yanaonekana katika miji yetu. Mwenye bajaji ya namna hii huitia chaji usiku, apate kwenda kazini alfajiri. Basi fikiri umeamka saa kumi na moja, watoto wa shule wanakungoja, nawe unakuta betri imejaa nusu tu. Siku hiyo utapata nusu ya fedha, na tajiri wako atataka hesabu yake kamili.

Usimwite fundi bado. Tazama kwanza taa ya nyumbani. Je, inawaka? Kama haiwaki, huenda umeme wa mtaa umekatika, au uniti za LUKU zimekwisha. Watu wengi husahau jambo hili. Gari dogo likivuta ampea 10 kwa volti 230, hutumia wati 2,300. Kwa saa nne ni uniti 9 na zaidi. Bajaji huhitaji kidogo kuliko hivyo, lakini nayo inakula.

Kama taa inawaka, zima swichi ya ukutani, kisha gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ni ya moto? Hapo ndipo penye shida mara nyingi. Birika la umeme huvuta umeme mwingi vilevile, lakini kwa dakika chache tu. Gari huvuta usiku kucha. Soketi iliyolegea, isiyoikamata plagi barabara, hupata moto pale pale ilipolegea. Waya nyingi za kuchajia magari zina kipimajoto ndani ya plagi, na joto likizidi, chaji hukatwa. Waya huo haukuharibika. Umefanya kazi yake. Mtu anayeutupa na kununua wa bei rahisi usio na kinga hiyo anatafuta moto nyumbani kwake. Ukiona rangi ya kahawia kando ya matundu ya soketi, usiitumie tena mpaka ibadilishwe. Tena, waya wa kurefushia ukiachwa umeviringishwa kama kamba ya ndoo hushika joto. Ukunjue wote.

Swichi ya usalama kwenye ubao wa umeme ikianguka, iinue mara moja tu. Ikianguka tena usibishane nayo: huenda maji yameingia mahali.

Betri nayo hujilinda. Betri nyingi za lithiamu hukataa chaji joto lake likipita nyuzi 45 hivi. Ukirudi na jua la saa nane, iache kivulini ipoe kwanza. Lakini chaji kwenda polepole baada ya asilimia 80 si ugonjwa, ndivyo ilivyo desturi yake. Magari mengine pia huwekewa kikomo, yasimame kwenye 80. Tazama kama hukukiweka wewe, au mwanao aliyekuwa akichezea vitufe.

Sasa chukueni kalamu. Kila chaji inapokatika, andika siku, saa, asilimia na soketi. Kesho yake badili jambo moja tu, usibadili mawili. Ikiwa inakatika kwenye soketi moja na kwingine inaendelea, mwite fundi umeme wa nyumba. Ikikatika kila mahali, kasoro iko kwenye chaja au kwenye chombo. Usifungue betri mwenyewe. Za magari nyingi zina volti zaidi ya 300, nazo huua hata gari likiwa limezimwa. Betri iliyovimba au yenye harufu kali usiitie chaji kabisa.

Mstari wako ufanane na huu: "Jumanne, saa saba usiku, asilimia 54, soketi ya barazani, plagi ya moto." Fundi akiusoma, ataanza na soketi. Kwaherini.