Kanuni za Jirani: Hotuba kwa Wahitimu wa Sayansi ya Kompyuta



Shamba la chai la Kericho au Bomet, likitazamwa kutoka mlimani, ni zulia moja la kijani, lakini mkulima anajua kwamba kila mchai una majirani zake, na kwamba kuvu ya Armillaria, inayoanzia katika kisiki cha mti wa msituni kilichosahaulika ardhini, hupita kutoka mzizi hadi mzizi unaougusa, hadi pengo la michai iliyokauka linapanuka mwaka baada ya mwaka. Hakuna anayeliamuru pengo hilo. Kila mchai hupatwa na lililompata jirani.

Kanuni hiyo ya jirani ndiyo msingi wa otomata ya seli, yaani mtandao wa vyumba vidogo ambavyo kila kimoja hubadilisha hali yake kwa kuangalia hali za majirani tu. Ilibuniwa na John von Neumann na Stanislaw Ulam katika miaka ya 1940, ili kujua kama mashine inaweza kujizalisha mithili ya kiumbe hai. Mwaka 1970 John Conway alionyesha jinsi kanuni zinavyoweza kuwa chache: seli hai hudumu ikiwa na majirani hai wawili au watatu, na iliyokufa huhuika ikiwa nao watatu kamili; kutokana na hayo tu huzuka maumbo yanayotembea, yanayogongana na hata kupiga hesabu.

John Holland, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza jinsi kompyuta inavyoweza kuiga mageuko: masuluhisho huchanganywa kama wazazi, hubadilishwa kidogo kwa bahati nasibu, hupimwa, na yaliyo bora ndiyo huzaa. Watafiti wa chai wa Timbilil, Kericho, hufanya jambo linalokaribiana na uteuzi huo, kwa kuwa miche ya mbegu haifanani. Huteua mche mmoja kati ya mingi, kisha hukata vikonyo vyake, kila kimoja kikiwa na jani moja na jicho lake, na kuviotesha kitaluni. Kwa uteuzi wa namna hiyo ilipatikana TRFK 306, chai ya zambarau iliyotolewa mwaka 2011.

La kukaziwa zaidi ni kipimo, kwa sababu mageuko ya kompyuta hutafuta kile tu kilichoandikwa kuwa bora. Programu ya mashine ya kuchuma chai ikipimwa kwa kilo pekee, itajifunza kilo: itakata jani lililokomaa pamoja na majani mawili na chipukizi, na riziki ya mchumaji haitaingia popote katika hesabu yake. Kipimo cha namna hiyo kitaandikwa na wahitimu hawa, ambao karo za wengi wao zilitoka katika bonasi ya chai.