Brashi ya Kinyozi Ikikauka Vizuri Hudumu

Sisi tuliokuja kuzungumza nanyi ni vinyozi wa Eastlands, Nairobi. Wengine wetu tuko Kayole, wengine Dandora, na mmoja yuko Kariobangi karibu na steji. Tumesikia kwamba vikundi vyenu vimenunua vifaa vya kunyoa ili vijana wapate kazi. Habari za wembe na mashine mtafundishwa na wengi. Sisi tumeomba tuongee juu ya kitu kidogo ambacho watu hawakijali, yaani brashi.

Tulipoanza kibanda chetu, kila baada ya miezi miwili mitatu tulikuwa tunarudi Gikomba kununua brashi nyingine ya povu. Tulidhani tunauziwa takataka. Kumbe makosa yalikuwa yetu. Jioni tulifunga kwa haraka, tukasimamisha brashi mbichi ndani ya kikombe, povu bado limo, tukafunika ili vumbi lisiingie. Asubuhi kikombe kinanuka. Baadaye nywele zikaanza kubaki kwenye shavu la mteja, na siku moja fungu zima likachomoka, tukabaki tumeshika mpini. Mteja alicheka, lakini hakurudi.

Sababu ni hii. Nywele za brashi zimefungwa pamoja na kubandikwa kwa gundi ndani ya mpini. Maji yakituama pale ndani, gundi hulegea, na mpini wa mbao huvimba ukapasuka. Sabuni iliyobaki nayo hugandana kwenye mizizi ya nywele na kuzikata. Basi mkimaliza kazi, suuzeni brashi kwa maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke safi. Msitumie maji ya kuchemka. Kamueni polepole kwa vidole bila kuvuta, kung'uteni mara kadhaa, kisha pangusieni kwenye taulo kavu. Pale maji ni ya kisima na ni magumu, sabuni huacha utando mweupe. Siki kijiko kimoja ndani ya kikombe cha maji huuondoa, halafu suuzeni tena.

Sasa kukausha. Watu hubishana kama brashi ining'inizwe kichwa chini au ilazwe. Sisi tunaninginiza, kwa sababu fundi wa jua kali pale Kamukunji alitukunjia waya wa kushika mpini, na haukuwa ghali. Lakini kwa maoni yetu hewa ndiyo kazi yenyewe. Brashi iliyolazwa mahali penye upepo hukauka vizuri kuliko iliyoning'inizwa ndani ya kabati. Miezi ya Juni hadi Agosti Nairobi huwa baridi na mawingu, na brashi ya jioni asubuhi bado ina unyevu. Hapo wengine huiweka kando ya jiko. Msifanye hivyo! Nywele za mnyama huungua na nailoni huyeyuka. Heri kuwa na brashi mbili, moja ikifanya kazi leo na nyingine ikipumzika.

Brashi ya kupangusa shingo hatuifikirii kabisa, kwa vile haiguswi na maji. Sisi yetu ilikaa wiki nyingi bila kuoshwa. Mama mmoja jirani akatuletea mtoto wake, kichwa kimejaa mashilingi, akatuuliza mbele ya wateja kama tunaosha vitu vyetu. Hatukuwa na la kusema. Wadudu wa ugonjwa huo hukaa muda mrefu kwenye brashi na vichana. Tena mtoto mwenye mashilingi ya kichwani haponi kwa kupakwa mafuta peke yake, hupewa dawa ya kumeza hospitalini kwa wiki kadhaa, na mzazi ndiye anayelipa. Tangu siku hiyo brashi ya shingo huoshwa kwa sabuni kila jioni, na mwenye vidonda kichwani tunampangusa kwa kitambaa chake mwenyewe.

Brashi ikigusa damu, iwekeni kando mara moja. Ya nailoni ioshwe kwa sabuni, kisha iloweshwe dakika kumi katika Jik, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, halafu isuuzwe. Ya nywele za mnyama huharibiwa na Jik; hiyo tupeni.

Mkinunua, ulizeni pia nywele ni za nini. Nyingi za bei nafuu ni za nguruwe, na wateja wetu Waislamu wa Pumwani na Eastleigh hawazitaki. Ninyi wafugaji mnaijua kimeta: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari wa Uingereza na Marekani waliambukizwa kimeta na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za wanyama ambazo hazikusafishwa sawasawa.

Kijana anayezunguka nyumba kwa nyumba asifunge brashi mbichi kwenye karatasi ya plastiki. Mkebe wa majani uliotobolewa matundu kwa msumari unatosha, au mfuko wa kitambaa. Akifika nyumbani aitoe, asiiache humo usiku kucha. Na ile iliyokwisha kunyonyoka msiitupe upesi, kama haikugusa damu: ioshwe, ikauke, ikatwe fupi, itasafisha nywele zilizokwama kwenye meno ya mashine.