Hereni za Mfupa na Kufuli

Huko Kibera, Nairobi, mfupa wa ng'ombe hupata kazi nyingine baada ya nyama kuliwa. Mafundi huuchemsha hadi mafuta yatoke, huuanika, huukata kwa msumeno na kuusugua kwa msasa mpaka ung'ae. Michoro huwekwa kwa nta: palipopakwa nta hubaki peupe, kwingine rangi nyeusi hukolea.

Kufuli mbovu na koki kuukuu za shaba huyeyushwa, zikawa pete na vikulabu vya hereni. Ni ufundi wa kujivunia kwelikweli.

Lakini vumbi la mfupa huumiza mapafu, na shaba ya koki za zamani mara nyingi ina madini ya risasi. Msikilizaji anayetaka kujaribu avae barakoa na ayeyushie mahali pa wazi, watoto wakiwa mbali.